Wangari Maathai: Profesa wa Anatomia ya Mifugo Aliyewafungulia Wengine Mlango wa Sayansi

Baadhi ya watu wa Pwani wanaoenda Nairobi kusoma au kutafuta riziki hupanga nyumba upande wa magharibi wa jiji: Kawangware, Dagoretti, Waithaka. Kutoka Waithaka, ukielekea kaskazini na kuvuka Barabara ya Waiyaki, hufiki mbali kabla hujaingia Upper Kabete, kampasi ya kilimo na udaktari wa mifugo ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Hapo ndipo ilipo Taasisi ya Wangari Maathai ya Masomo ya Amani na Mazingira. Wengi wanamjua mama huyu kwa miti na kwa Tuzo ya Amani ya Nobel. Wachache wanakumbuka kwamba kazi yake ya kwanza ilikuwa maabara, na kwamba vita vyake vya mwanzo vilikuwa vya kutaka sayansi isiwe mali ya watu wachache.

Kutoka Nyeri hadi maabara

Wangari alizaliwa tarehe 1 Aprili 1940 katika kijiji cha Ihithe, Nyeri. Enzi hizo mtoto wa kike wa shambani kupelekwa shule halikuwa jambo la kawaida. Alisoma kwa masista wa Kikatoliki, akamaliza sekondari Loreto, Limuru, mwaka 1959. Mwaka uliofuata akawa miongoni mwa vijana wa Kenya waliosafirishwa kwa ndege kwenda kusoma Marekani. Alipata shahada ya kwanza ya biolojia mwaka 1964 katika chuo cha Mount St. Scholastica, jimbo la Kansas, kisha akachukua uzamili katika Chuo Kikuu cha Pittsburgh, ambako utafiti wake ulihusu tezi ndogo iliyo ndani ya ubongo wa kware.

Alirudi nyumbani mapema mwaka 1966 akiwa na barua ya kazi mkononi: alikuwa ameahidiwa nafasi ya msaidizi wa utafiti katika idara ya zuolojia ya chuo kikuu. Kufika, akaambiwa nafasi imepewa mtu mwingine. Mwenyewe aliamini hadi mwisho kwamba alinyimwa kwa sababu mbili: ni mwanamke, na si wa kabila lililotakiwa. Hakuwa na pa kushtaki.

Aliyempa kazi ni Profesa Reinhold Hofmann, Mjerumani aliyekuwa akijenga idara ya anatomia ya mifugo. Kwa msaada wake Wangari alikwenda Ujerumani mwaka 1967, akasoma Giessen na Munich, kisha akarudi kukamilisha utafiti wake Nairobi kuhusu jinsi viungo vya uzazi vya ng'ombe vinavyoumbika. Mwaka 1971 akatunukiwa shahada ya uzamifu, na anatajwa kuwa mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na ya Kati kufikia kiwango hicho. Mwaka 1976 akawa mkuu wa idara, na mwaka 1977 profesa mshiriki. Katika chuo hicho, hakuna mwanamke aliyewahi kushika vyeo hivyo kabla yake.

Ubaguzi ulioandikwa kwenye kanuni

Hapa ndipo penye somo kubwa. Mtu angedhani kwamba msomi wa kiwango hicho amekwisha kuvuka vikwazo vyote. La. Masharti ya kazi yaliwapa wahadhiri wanaume nyumba, bima ya matibabu na malipo ya uzeeni. Mhadhiri mwanamke aliyeolewa hakuhesabiwa, kwa hoja kwamba mumewe atamtunza. Wanafanya kazi moja, wanafundisha wanafunzi wale wale, lakini mwisho wa mwezi mmoja anapungukiwa kwa sababu ya ndoa yake.

Wangari na mwenzake wa idara ya biokemia, Vertistine Mbaya, walilishika jambo hilo na hawakuliacha. Walitaka chama cha wahadhiri kigeuzwe kuwa chama cha wafanyakazi chenye nguvu za kisheria za kujadiliana na mwajiri. Mahakama ilikataa. Hata hivyo walizidi kusukuma, na baadaye mengi waliyodai yakakubaliwa.

Tukizungumzia wasichana na sayansi, mara nyingi tunawahimiza wasichana wenyewe: wajiamini, wasiogope hesabu, wasome kwa bidii. Ni maneno mema. Lakini Wangari hakukosa bidii wala akili. Kilichomzuia kilikuwa kifungu cha karatasi kilichoandikwa na watu, na kwa hivyo kiliweza kufutwa na watu.

Kupe, mito na akina mama

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alikuwa akitafiti ugonjwa wa ng'ombe unaoenezwa na kupe, ndigana kali. Kwa Kiingereza ugonjwa huu umebeba jina la pwani yetu, kwa kuwa wakoloni wa kusini mwa Afrika waliutambua mwanzoni mwa karne ya 20 katika ng'ombe waliosafirishwa kutoka pwani ya Afrika Mashariki. Akiwa mashambani anakusanya kupe, aliona mambo mengine: mito imejaa udongo mwekundu, ng'ombe wamekonda mbavu nje, watu nao hawashibi. Akaona kwamba kuharibika kwa ardhi ni tishio kubwa kuliko hao kupe.

Kupitia Baraza la Kitaifa la Wanawake wa Kenya alisikia akina mama wa vijijini wakilalamikia kuni, maji na chakula. Jibu lake likawa kupanda miti. Tarehe 5 Juni 1977, Siku ya Mazingira Duniani, walipanda miti saba katika uwanja wa Kamukunji, Nairobi. Huo ndio mwanzo wa Green Belt Movement.

Wataalamu wa misitu hawakuamini. Kwao kupanda mti kulihitaji diploma. Walipowafundisha akina mama, waliwapa maelezo mazito yasiyofaa mazingira yao. Wangari akawaambia akina mama watumie wanachokijua: wao wamepanda mahindi na maharagwe maisha yao yote, mbegu ya mti nayo ni mbegu. Wakaokota mbegu za miti ya kwao, wakaotesha miche hata katika vyungu vilivyovunjika. Kila mche ulioshika na kuishi, mama alilipwa fedha kidogo. Wakaja kuitwa wataalamu wa misitu wasio na diploma. Kufikia mwaka 2004 miti ilikuwa imepita milioni 30.

Gharama yake

Haya hayakuja bure. Mwaka 1982 alijiuzulu chuoni ili agombee ubunge. Akazuiwa kugombea kwa hoja za usajili wa wapiga kura, na alipotaka kurudi kazini akakuta nafasi yake imekwisha kujazwa. Nyumba ya chuo nayo ikamtoka.  Mwaka 1989 alipinga jengo la ghorofa 60 lililokusudiwa kujengwa Uhuru Park, akatukanwa hadharani, lakini jengo halikusimama. Mwaka 2002 alichaguliwa mbunge wa Tetu, na mwaka 2004 akawa mwanamke wa kwanza Mwafrika kupata Tuzo ya Amani ya Nobel. Alifariki Nairobi tarehe 25 Septemba 2011. Aliagiza asizikwe katika jeneza la mbao, na jeneza lake likatengenezwa kwa mianzi, mafunjo na magugu maji.

Na sisi Pwani?

Njia yake tunaiona hata huku kwetu. Gazi, Kwale, tangu mwaka 2013 wanakijiji na watafiti wa bahari wanaendesha mradi wa Mikoko Pamoja: mikoko inalindwa na kupandwa, hewa ya kaboni inayohifadhiwa inauzwa, na fedha zinarudi kwenye maji na shule za kijiji. Huwezi kuufanya mradi kama huo kwa wenye digrii peke yao. Anayejua maji yanakupwa saa ngapi na tope gani linashika mche ni mwenyeji.

Wazazi wenye mabinti Pwani University, Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa au huko Kabete, tuwahimize wasome, ndiyo. Lakini siku binti anapopewa barua ya kazi, tumwambie asome masharti yote, aulize mwenzake wa kiume amepewa nini, na akiona tofauti asinyamaze. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Profesa Wangari aliuona ufa huo tangu miaka ya 1970, na hakukubali kuambiwa kwamba ndivyo nyumba ilivyojengwa.