Kadi ya mzee Satchel Paige: picha iliyochelewa

Leo tunazungumzia historia ya kikaratasi kidogo cha Marekani.

Huko wanacheza besiboli: mmoja anarusha mpira, mwingine anaupiga kwa gongo. Zamani kampuni kama Bowman na Topps zilitia picha za wachezaji ndani ya pakiti za chingamu. Watoto walitafuna chingamu, picha ikabaki. Leo watu wazima wanazitafuta kadi hizo kwa pesa nyingi.

Sokoni, kwa kawaida, kadi za ujana ndizo ghali, za uzeeni ni rahisi. Kijana hajajulikana bado, kadi yake inatupwa. Akisha kuwa maarufu, kila mtu anaitunza. Kadi ya Willie Mays ya 1952 inapita mbali kwa bei ile ya 1973, mwaka aliostaafu akiwa na miaka 42. Pia wanunuzi wanaangalia pembe, mikunjo na madoa ya maji.

Lakini Satchel Paige amevunja kanuni hiyo. Alizaliwa Mobile, Alabama, mwaka 1906, akawa mrushaji hodari kuliko wengi. Hata hivyo ligi kubwa zilikuwa zimewafungia mlango watu weusi kwa zaidi ya miaka 50. Akachezea timu za weusi, kama Kansas City Monarchs. Mlango ulifunguliwa 1947, Jackie Robinson alipoingia Brooklyn Dodgers. Paige aliingia Cleveland 1948, akiwa na miaka 42.

Kwa hiyo kadi za Paige za 1949 na 1953, ambazo kwa mwingine zingekuwa za kuaga, kwake ni za mwanzo. Ndiyo maana zinauzwa ghali. Ya 1953 hata imekosea jina lake: Topps waliandika «Satchell», kwa l mbili. Mtu aliyengoja miaka yote hiyo, na jina bado halikuandikwa sawasawa.

Aliingizwa katika Jumba la Mashujaa wa besiboli mwaka 1971. Desemba 2020 wakuu wa mchezo huo walikubali kwamba ligi za weusi za 1920 hadi 1948 nazo zilikuwa ligi kubwa. Paige alikuwa amekwisha kufa tangu 1982.

Ujana wake haukuwa na kadi, lakini haukupotea wote, kwa sababu watu waliusimulia na magazeti ya weusi yaliuandika. Nasi tuna wazee wengi ambao foto zao zilibaki nyumbani tulipokimbia. Ukiwa na foto moja iliyookoka, ifunge katika plastiki isilowe. Nyuma yake andika jina, kijiji na mwaka. Na kama foto haipo, keti na mzee leo, umwulize, uandike. Jina lake uliandike sawasawa.