Nguo Isiyopitisha Maji

Binadamu amefaulu kuzuia mambo mengi, lakini maji huyazuia kwa muda tu. Mabaharia wa pwani yetu walilijua jambo hili tangu kale. Jahazi lilipotoka kwa fundi lilikuwa limekwisha kutiwa kalafati katikati ya mbao, na tumbo lake limepakwa deheni, yaani mchanganyiko wa chokaa na mafuta. Hata hivyo hakuna nahodha aliyedhani kwamba kazi imekwisha. Kila baada ya muda chombo kilipandishwa ufukweni, kikakwanguliwa na kupakwa upya. Deheni haikuwa kazi ya fundi peke yake. Ilikuwa sehemu ya safari.

Nimelitaja jahazi kwa sababu nataka kuzungumza juu ya koti la mvua. Historia ya koti hilo, nikiitazama vizuri, ni historia ya watu waliotamani chombo kisichohitaji deheni.

Wenyeji wa misitu ya Amazoni walipaka utomvu wa mpira kwenye nguo na viatu kabla Wazungu hawajajua faida yake. Huko Ulaya, mabaharia walipaka maturubai mafuta ya kitani, wakapata makoti mazito yaliyokakamaa na kugeuka rangi ya manjano. Kisha mwaka 1823 mkemia wa Glasgow, Charles Macintosh, alipewa hataza, yaani hati ya kulinda uvumbuzi wake. Aliyeyusha mpira kwa nafta, kiowevu kilichopatikana kutokana na lami ya makaa ya mawe, akaupaka kati ya vitambaa viwili na kuvigandamiza pamoja. Hadi leo Waingereza huliita koti la mvua kwa jina lake, ingawa wameongeza herufi moja.

Koti hilo lilikuwa na kasoro. Wakati wa baridi lilikuwa gumu kama ubao, na wakati wa joto lilinata na kunuka. Isitoshe, kila mahali sindano ya mshonaji ilipopita palibaki tundu, na maji hayahitaji mlango mkubwa. Dawa ya kunata na kukakamaa ilikuja miaka ya 1840, pale Charles Goodyear wa Marekani na Thomas Hancock wa Uingereza walipopata hataza za kupika mpira pamoja na salfa. Lakini kasoro kubwa zaidi haikuondoka. Mpira hauchagui: huzuia mvua ya nje, na huzuia pia jasho la ndani. Mtu aliyefanya kazi ndani ya koti lile alilowa vilevile.

Hapa kwetu Afrika hatuwezi kuutaja mpira tukapita haraka. Kati ya mwaka 1885 na 1908, Kongo ilipokuwa mali ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, watu walilazimishwa kukusanya utomvu msituni, wakauawa na kukatwa mikono. Si haki kuyabebesha makoti lawama yote, kwani mahitaji makubwa ya wakati ule yalikuwa ya matairi. Hata hivyo somo linabaki: starehe ya mtu mmoja huweza kulipiwa na mwingine asiyemjua.

Wengine walifuata njia ya nta. Mwaka 1894 John Barbour alianzisha biashara ya makoti ya mabaharia na wafanyakazi wa bandari huko South Shields, kaskazini mashariki ya Uingereza. Baadaye pamba iliyotiwa nta ikachukua nafasi ya ile ya mafuta. Koti la namna hii ni ndugu wa jahazi. Halifuliwi kwa sabuni wala maji ya moto. Hupanguswa kwa maji baridi. Nta ikipungua, mwenyewe huweka kopo la nta katika maji ya moto mpaka iyeyuke, akaipaka kwa kitambaa, hasa kwenye mishono na mikunjo, kisha akalipasha koti joto kidogo ili nta iingie. Ndiyo maana makoti hayo hurithiwa.

Mwaka 1969, huko Marekani, Bob Gore aliivuta kwa ghafla plastiki iitwayo Tefloni, ikanyooka na kuwa utando wenye vitundu visivyohesabika. Kila kitundu ni kidogo mno kwa tone la maji kupita, lakini ni kikubwa cha kutosha kwa mvuke wa jasho. Kwa hiyo Gore-Tex ikawa jibu la tatizo ambalo Macintosh aliliacha. Watu wakadhani deheni imekwisha. Kumbe haikwisha, imehamia juu ya kitambaa. Utando ule hufunikwa kwa kitambaa cha nje, na kitambaa hicho hupakwa dawa ya kufanya maji yatiririke. Dawa hiyo huchakaa kwa msuguano, jasho na uchafu.

Chuoni nilipokuwa nikifundisha sayansi, niliwaletea walimu wanafunzi jani la gimbi. Tone la maji juu ya jani hilo huviringika kama gololi. Ukilisugua kwa sabuni ya unga, tone hulala likatandaa. Sikujua wakati ule kwamba nafundisha habari za makoti.

Mjukuu wangu mmoja ni mpagazi wa Mlima Kilimanjaro. Alinunua jaketi la mtumba katika soko la Memorial, Moshi, kisha akaja nalo nyumbani. Baada ya kuniamkia akasema, "Babu, hebu litazame. Nimenunua koti au gunia?" Nilimwambia alete kikombe cha maji, nikamimina begani mwa jaketi. Kitambaa kikanywa maji mara moja, kikawa cheusi. Tulipogeuza, ndani palikuwa pakavu. Utando ulikuwa mzima ila dawa ya nje ilikuwa imekufa. Kitambaa cha nje kikilowa, mvuke hauna pa kutokea, na aliyevaa hulowa kwa jasho lake mwenyewe huku akiamini kwamba mvua imepenya. Mlimani hilo si jambo dogo. Aliyelowa hupoteza joto upesi, na baridi ya kule juu huua.

Kazi tuliyoifanya ni rahisi. Tulifunga zipu zote, tukalifua kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya maji kidogo, bila sabuni ya unga wala kilainishi cha nguo, kwa sababu vitu hivyo huacha mabaki yanayovuta maji. Tukalisuuza mara tatu. Lilipokauka tukatandika taulo juu yake na kupitisha pasi ya moto mdogo, kwani joto huiamsha dawa iliyobaki. Tulipomimina maji tena, yaliviringika mgongoni, lakini mabegani, mahali pa kamba za mzigo, yaliendelea kulowesha. Hapo palihitaji dawa mpya ya kupuliza, ambayo aliipata kwa wauzaji wa vifaa vya mlima. Lau tungekuta ndani utando unabanduka vipande vipande kama ngozi iliyoungua, ningemwambia asijisumbue, alifanye koti la shambani.

Nilimsisitiza anunue dawa isiyo na florini. Kwa miaka mingi dawa hizo zilitengenezwa kwa kemikali za florini ambazo hazikubali kuoza; hubaki katika maji, katika samaki, na katika damu ya watu. Mkataba wa Stockholm uliiwekea masharti mojawapo, PFOS, mwaka 2009, na nyingine, PFOA, ukaipiga marufuku mwaka 2019. Mwaka 2025 Ufaransa ilipitisha sheria ya kuzuia aina hizo zote katika nguo za kawaida kuanzia mwaka 2026. Dawa mpya, nyingi zikiwa za nta au silikoni, huisha mapema zaidi, kwa hiyo hurudiwa mara kwa mara. Watu hulalamika. Mimi sioni hasara. Ile iliyodumu sana ndiyo iliyotudhuru, na tumerudi kwa nahodha na deheni yake.

Linalonisumbua ni jingine. Robota la mitumba huleta nguo, haliji na maarifa ya kuitunza. Kule ilikotoka, yamkini jaketi lilitupwa kwa sababu tu maji yalianza kulala begani. Huku kijana huamini amenunua kitu kibovu, akalitia viraka vya nailoni, au akapanda nalo hivyo hivyo. Kati ya kifo cha koti na uhai wake ni maji ya uvuguvugu, pasi na nusu siku ya kazi. Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukiwa na jaketi, limiminie kikombe cha maji kabla ya masika, hasa kama atakayelivaa ni mtoto wa mtu anayepanda mlima akiwa na mzigo wa mwingine.