Fani ya Kigeni, Maudhui ya Wenyeji: Kanisa Kuu la Watakatifu Wote, Nairobi

Katika uhakiki wetu tumezoea kuuliza uhusiano wa fani na maudhui. Makala haya yanalielekeza swali hilo kwenye jengo: Kanisa Kuu la Watakatifu Wote, Nairobi, ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1917 na ujenzi ukakamilika mwaka 1952. Tunashikilia kwamba fani ya jengo huweza kuletwa na mwenye mamlaka, ilhali maudhui yake hukamilishwa na wanaoliingia.

Msanifu wake, Temple Moore, alikuwa Mwingereza aliyebobea katika makanisa ya mtindo wa Kigothi wa Zama za Kati. Hatuna budi, basi, kuitazama asili ya fani hiyo. Kanisa la parokia la Uingereza ya zama hizo liligawika sehemu mbili. Mashariki palikuwa na madhabahu, mahali pa padri. Magharibi palikuwa na ukumbi wa waumini. Kati yake kilisimama kiambaza cha mbao zilizochongwa, na juu yake sanamu ya Kristo msalabani. Birika la mawe la ubatizo liliwekwa karibu na mlango, kwa kuwa ubatizo ndio mwanzo wa safari ya imani. Mgawanyo huu ulihusu pia wajibu: kwa desturi padri aliitunza sehemu ya madhabahu, nao waumini wakautunza ukumbi wao. Kabla ya mabenchi kuenea, ukumbi huo ulitumika hata kwa shughuli za kijamii. Aidha, mtuhumiwa aliyekimbilia kanisani aliweza kuhifadhiwa kwa siku 40. Haki hiyo ilifutwa Uingereza katika karne ya 17.

Ukoloni ulileta Nairobi umbo la jengo hilo, si haki zake. Mwaka 1918, kuta za mawe zilipokuwa zikiinuliwa, Kibra ilitangazwa kuwa hifadhi ya kijeshi. Askari wa Kinubi waliokaa humo hawakupewa hatimiliki. Huko Sarang'ombe, mojawapo ya wadi za Kibera, hadi leo yapo makanisa ya mabati ambayo siku za juma hugeuka madarasa. Mhakiki wa fani pekee hataona uhusiano wowote kati yake na Zama za Kati. Hata hivyo, kwa upande wa matumizi, ukumbi ule wa kale unajitokeza hapo waziwazi.

Katika Kanisa Kuu lenyewe maudhui hayo yalirudishwa na akina mama. Mwishoni mwa Februari 1992, mama za wafungwa wa kisiasa, wakiwa pamoja na Wangari Maathai, walianza mgomo wa kula katika bustani ya Uhuru. Tarehe 3 Machi polisi waliwapiga na kuwatawanya. Wakahamia chumba kilicho chini ya sakafu ya Kanisa Kuu, wakadumu humo hadi mapema mwaka 1993, wana wao walipokuwa wakiachiliwa.

Haki iliyokwisha kufutwa kwao ikapata uhai mpya kwetu, bila sheria yoyote kuilinda. Udhaifu wake ulidhihirika tarehe 7 Julai 1997, polisi walipoingia humo na kuwapiga waliokuwamo. Kwa hiyo historia ya usanifu inayokomea kwenye matao na minara ni nusu ya historia. Nusu ya pili ni ya waliobisha hodi, na ya waliowafungulia.