Uzi: Kwani fundi wa trekta alikosea wapi?

Kila msimu wa kampeni kuna mtu atasimama juu ya gari aahidi matrekta ya kaunti na "vijana wafundishwe ufundi". Tunapiga makofi, halafu tunarudi nyumbani kumwambia mtoto asome awe daktari. Hii aibu ilitoka wapi?

Anzia Kabete. Miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ilifungua hapo Native Industrial Training Depot. Walowezi walikuwa wanalia kwamba mafundi Wahindi ni ghali, basi Mwafrika akafunzwa uashi, useremala na uhunzi ili apatikane fundi wa bei rahisi. Wazee wetu waliliona hilo. Shule zao za kujitegemea zilitaka vitabu na Kiingereza, na si eti kwa sababu walikuwa wavivu.

Baada ya uhuru kazi ya ofisi ndiyo ikawa heshima. Mwaka 1966 ripoti ya baraza la makanisa iliuliza mtoto akimaliza shule ya msingi aende wapi, na hapo vyuo vya ufundi vya vijijini vikaanza kuota. Katiba ya 2010 iliviweka chini ya kaunti. Kwa hivyo mgombea ubunge akikuahidi kimoja, muulize amesoma Jedwali la Nne.

8-4-4 ilileta ufundi darasani 1985, lakini karakana wakaachiwa wazazi wajenge. Kenya Polytechnic, iliyoanza 1961, ikawa chuo kikuu kamili 2013. Digrii tena!

Sasa hapa ndipo mimi huwaka. Mjomba wangu hutengeneza trekta na grada Kitale. Anasoma moshi tu: mweusi, hewa haitoshi au dizeli imezidi, wa bluu, injini inachoma oili. Alijifunza chini ya mti, akimshikia fundi mwingine spana. Ripoti ya ILO ya 1972 ilishawasifu watu kama hawa, ikasema waache kuhangaishwa. Miaka 50 na ushee imepita.

Waajiri hulipa ushuru wa mafunzo, shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kwa mwezi. Mjomba hana mwajiri, kwa hivyo hakuna anayemlipia. Zabuni ya kutunza mashine ikitangazwa, inataka vyeti. Kuna kampuni moja yenye vyeti vyote ilishinda, halafu ikampigia simu yeye aje afungue pampu ya haidroliki, kwa malipo ya siku.

Ati sasa kuna mpango wa kumpima fundi na kumpa cheti kwa ujuzi alionao tayari. Wazo zuri, hilo siwezi kupinga. Nilimwambia aende. Akaniuliza, "Mwezi gani?" Machi watu wanalima, Oktoba wanavuna mahindi, na katikati ndipo mashine zote zilizovunjika huletwa kwake.