Namba ya Chini Ilivyotawala

Anayepimwa presha huambiwa namba mbili, tuseme 150 kwa 95, na wengi hurudi nyumbani wakiikumbuka ya juu tu. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 madaktari walifanya kinyume: ya chini ndiyo iliyoamua nani mgonjwa. Cheo hicho ilipewa na dhana kabla ya ushahidi. Kifaa cha Mwitaliano Scipione Riva-Rocci cha mwaka 1896 hakikuipima: mkanda ulijazwa upepo mkononi mpaka mpigo ukapotea, basi. Mwaka 1905 Nikolai Korotkov, mpasuaji wa St. Petersburg, aliweka kifaa cha kusikilizia chini ya mkanda. Upepo ukitoka polepole, kwanza ni kimya, kisha mdundo, kisha kimya tena. Mdundo unapoanza ndiyo namba ya juu. Unapozimika ndiyo ya chini, shinikizo linalobaki mishipani moyo ukipumzika.

Neno hilo, kupumzika, ndilo lililowavuta madaktari. Mzigo usioshuka hata moyo ukitulia ulionekana ndio hatari yenyewe. Ya juu ikipanda uzeeni ilihesabiwa kama mvi. Mwaka 1967 mtafiti Edward Freis na wenzake Marekani walitoa matokeo ya wanaume 143 wenye namba ya chini kati ya 115 na 129: madhara makubwa yalikuwa 27 kwa waliopewa vidonge visivyo na dawa, na 2 tu kwa waliotibiwa. Je, hapo dhana haikuthibitishwa? Kilichothibitishwa ni kwamba kushusha presha huokoa watu. Wagonjwa walichaguliwa kwa namba ya chini, kwa hiyo utafiti huo haungeweza kuiondolea lawama ya juu. Hukumu ilikuja 1991 kwa utafiti mwingine: wazee wa miaka 60 na zaidi, ya juu kuanzia 160 na ya chini haijafika 90, walipotibiwa, kiharusi kilipungua kwa zaidi ya theluthi.

Basi ya chini ipuuzwe? La. Kabla ya miaka 50 huweza kupanda peke yake. Baadaye mishipa hukakamaa, ya chini ikashuka huku ya juu ikipaa, na 170 kwa 75 si nafuu hata kidogo. Kupunguza chumvi, uzito na pombe, pamoja na vidonge vya kila siku, hushusha zote. Ukipimwa, omba uandikiwe namba zote mbili.