Kichupa cha Chanjo Katika Nchi ya Dhahabu

Saza iko Wilaya ya Songwe, kaskazini mwa Mkoa wa Songwe, ndani ya ukanda wa dhahabu wa Lupa. Mgodi wa New Saza ulichimbwa kuanzia 1939 hadi 1956. Kampuni ilipoondoka, dhahabu ilibaki, na wachimbaji wadogo wanaifuata mpaka leo. Ikisikika kwamba mwamba umetema upande mwingine, kambi inavunjwa, mama anafunga mzigo na mtoto anapanda mgongoni. Kuelekea Ziwa Rukwa kuna wafugaji na wavuvi, nao huhama kwa majira yao. Kusini kabisa mwa mkoa, Tunduma inapokea malori ya Zambia na Kongo usiku na mchana.

Historia ya chanjo za watoto katika nchi maskini huandikwa mara nyingi kwa majina ya miji ya mikutano: Geneva, Bellagio, Davos. Ni sawa, maana fedha zilitoka huko. Lakini kipimo cha kazi yote hiyo ni mtoto wa kambi kama za Saza, ambaye mwezi huu yuko hapa na mwezi ujao haijulikani atakuwa wapi.

Mwanzo wake ni ndui. Mwaka 1967 Shirika la Afya Duniani lilianza kampeni kali ya kuufuta ugonjwa huo, na mgonjwa wa mwisho kuupata kwa njia ya asili alipatikana Afrika Mashariki yetu: Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali katika mji wa Merca, Somalia, Oktoba 1977. Alipona. Miaka mingi baadaye alijitolea kuhamasisha wazazi wapeleke watoto kupata matone ya polio, na alikuwa katika kazi hiyo alipofariki kwa malaria mwaka 2013. Watu wa namna yake wanastahili nafasi kubwa katika vitabu vyetu kuliko waliyopewa.

Ushindi dhidi ya ndui ulikuwa bado haujakamilika dunia ilipojiuliza kuhusu magonjwa mengine. Mwaka 1974 Shirika la Afya Duniani lilianzisha mpango wa kupanua chanjo dhidi ya maradhi sita: kifua kikuu, dondakoo, kifaduro, pepopunda, polio na surua. Wakati huo, katika nchi maskini, watoto waliokamilisha dozi tatu za dondakoo, kifaduro na pepopunda hawakufika asilimia 5. Tanzania iliingia mwaka uliofuata, 1975.

Ilikuwa na bahati ya kuwa na pa kuanzia. Baada ya Azimio la Arusha, serikali ilielekeza nguvu vijijini: zahanati, vituo vya afya, kliniki za mama na mtoto. Wahisani, wakiwemo UNICEF na Denmark kupitia shirika lake la DANIDA, walipoleta majokofu, magari na chanjo, walikuta nyumba ya kuviweka na muuguzi wa kuvitumia. Kwangu mimi, hili ndilo jambo kubwa kuliko yote katika historia hii. Fedha za nje zilizaa matunda pale zilipokuta zahanati imesimama.

Chanjo nyingi hutakiwa kukaa kati ya nyuzi joto 2 na 8, kuanzia kiwandani mpaka mkononi mwa muuguzi. Wenye kazi hiyo wanauita mnyororo baridi. Kwa miaka mingi, zahanati isiyo na umeme ilitegemea jokofu la mafuta ya taa. Utambi ulipaswa kusafishwa, mafuta yasiishe, na kipimajoto kisomwe na kuandikwa kila siku. Mafuta yakikosekana wakati barabara zimekatwa na masika, chanjo ya kijiji kizima huharibika bila mtu kuona kwa macho. Ndiyo maana alama ndogo iliyoanza kubandikwa kwenye vichupa vya polio mwaka 1996 ilikuwa neema: mraba ndani ya duara, unaozidi kuwa mweusi kadiri joto linavyokipata kichupa. Mraba ukilingana na duara kwa weusi, kichupa kinatupwa. Muuguzi wa mbali akapata ushahidi mkononi mwake. Siku hizi majokofu ya nguvu ya jua yamepokea sehemu kubwa ya mzigo huo.

Miaka ya 1980 ilikuwa ya mbio. James Grant wa UNICEF aliishika chanjo kama silaha ya kuokoa watoto, na lengo likawekwa la kufikia asilimia 80 ifikapo 1990. Kisha hamasa ya wafadhili ikapungua, na pengo baya likafunguka. Chanjo ya homa ya ini aina ya B ilikuwepo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, lakini mtoto wa Tanzania aliipata katika ratiba ya kawaida mwaka 2002. Miaka 20 ni umri wa kizazi kizima, na ugonjwa haukusubiri.

Pengo hilo ndilo lililozaa Gavi, muungano uliozinduliwa Davos, Januari 2000, kwa ahadi ya dola milioni 750 kutoka mfuko wa Bill na Melinda Gates. Ulikutanisha serikali, Shirika la Afya Duniani, UNICEF, Benki ya Dunia na watengenezaji wa chanjo. Nguvu yake ilikuwa kununua kwa pamoja: nchi nyingi maskini zikiagiza kama mteja mmoja, bei hushuka na kiwanda hupata uhakika wa soko. Mwaka 2009 Italia, Uingereza, Kanada, Urusi, Norwei na mfuko wa Gates waliweka dola bilioni 1.5 mezani kuwashawishi watengenezaji wazalishe chanjo ya nimonia kwa ajili ya nchi hizi. Mwaka huohuo Tanzania ilianza kutoa chanjo moja yenye kinga tano. Desemba 2012, Gavi ikiwa na mkutano wake Dar es Salaam, nchi ilizindua kwa pamoja chanjo za nimonia na za kuhara kunakoletwa na virusi vya rota. Ghana pekee ndiyo iliyokuwa imetangulia kuzianzisha mbili kwa mpigo. Mwaka 2018 ikafuata chanjo ya kuwakinga wasichana na saratani ya mlango wa kizazi, kwa nchi nzima.

Mpaka ulikuja kutukumbusha kwamba kazi haijaisha. Februari 2022 Malawi ilitangaza mgonjwa wa polio jijini Lilongwe, kwa kirusi chenye asili ya Pakistan. Songwe inapakana na Malawi kupitia Ileje. Mwezi uliofuata wachanjaji walipita nyumba kwa nyumba Songwe, Mbeya, Njombe na Ruvuma, wakiwapa watoto matone na kuwapaka wino kidoleni. Mwaka 2023 polio ya aina nyingine ilipatikana Rukwa, na Songwe ikarudi tena kwenye orodha ya mikoa ya kampeni.

Kampeni ni za dharura. Ugumu wa kila siku uko kwenye kichupa. Chanjo ya surua ikishachanganywa hutumika ndani ya saa 6, na kichupa kimoja hubeba dozi 10. Akija mama mmoja kutoka kambini na mtoto wa miezi 9, muuguzi ana uchungu wa kufungua dozi 10 kwa ajili ya mmoja, naye huweza kumwambia arudi siku ya wengi. Kwa mkazi wa mjini ni usumbufu mdogo. Kwa mama wa kambi, siku hiyo huenda ikamkuta ameshahama. Dawa yake inajulikana: huduma ya mkoba, yaani muuguzi kuchukua boksi la baridi na pikipiki na kuwafuata watu waliko, mara kwa mara, mpaka kambini.

Hiyo ndiyo huduma inayokufa kwanza fedha zinapopungua. Julai 2020 Benki ya Dunia iliiweka Tanzania katika kundi la nchi za kipato cha kati cha chini, na kwa kanuni za Gavi, nchi inayopanda kipato hulipa sehemu inayoongezeka ya gharama ya chanjo zake. Juni 2025, katika mkutano wa Brussels, Gavi iliomba dola bilioni 11.9 kwa miaka mitano ikaahidiwa zaidi ya bilioni 9, huku Marekani ikitangaza kusitisha mchango wake. Halmashauri ya Wilaya ya Songwe, na kila halmashauri yenye migodi, wafugaji na wavuvi wanaohama, ziandike fungu la huduma ya mkoba kwa fedha zao za ndani kila mwaka: mafuta ya pikipiki, posho ya mchanjaji, matengenezo ya jokofu. Madiwani wasipitishe bajeti isiyokuwa nalo.