Historia ya Kivumishi «-changamfu»

Mwanafunzi akiulizwa ni kitenzi gani kilichozaa kivumishi -changamfu, hujibu upesi: -changamka. Akiulizwa f imetoka wapi, hunyamaza. Wala swali hilo si dogo, maana katika konsonanti hiyo moja imehifadhiwa historia iliyo ndefu kuliko maandishi yote ya Kiswahili.

Meinhof mwaka 1899, na baadaye Meeussen wa Tervuren mwaka 1967, walionyesha kwamba Kibantu cha kale kilikuwa na irabu ambazo Kiswahili hakinazo tena. Zilikuwa saba, zimebaki tano. Mbili zilizokuwa finyu kabisa, i na u, zilimezwa na jirani zao, lakini ziliacha alama katika konsonanti zilizozitangulia. Mbele ya u hiyo, k iligeuka f: -tukuka na -tukufu, -nyoka na -nyofu, -kunjuka na -kunjufu. Mbele ya i, k hiyo hiyo iligeuka sh: -pika na mpishi, -cheka na mcheshi. Hivyo mcheshi na mchangamfu, walio majirani kwa maana, ni mashahidi wa irabu mbili zilizopotea.

Ujirani huo usimdanganye mtu. Mcheshi huchekesha, mchangamfu aweza asiseme neno lolote la kuchekesha, ila uso wake na sauti yake humwondolea mgeni unyonge. Kitenzi chenyewe ni cha mabadiliko: jua huchangamka mawingu yakiondoka, mgonjwa huchangamka homa ikimwacha, soko huchangamka watu wakifika. Kwa hiyo kulitafsiri «vivant» la Kifaransa kwa «mtu hai» ni kusema tu kwamba mtu huyo hajafa! Siku hizi Tanzania watu huhimizwa pia «kuchangamkia fursa». Hapo furaha imefifia, umebaki wepesi.

Katika Kiswahili kilichokua Katanga baada ya misafara ya karne ya 19, sifa ya namna hii huelezwa zaidi kwa -a unganifu: mutu wa furaha. Mijini limeingia pia «ambianceur», neno la Kifaransa cha Kinshasa na Brazzaville, lililomo hata katika jina la wale wavaaji maridadi, SAPE. Lakini «ambianceur» ahitaji muziki, meza na watazamaji. Bibi kizee anayempokea mjukuu mlangoni alfajiri hawezi kuitwa hivyo, na «wa furaha» halimtoshi, kwani huenda ana huzuni zake moyoni. Huyo ni mchangamfu.